Ndoto ya Mtunzi na Jasho la Mchimbaji: Suala la Lawama katika Bunilizi za Kisayansi

Uhakiki wa bunilizi za kisayansi umezoea kuupima utanzu huu kwa kipimo cha utabiri. Mtunzi husifiwa kwa kuwa alikiona chombo kabla hakijaundwa. Jules Verne aliwarusha wasafiri wake kuelekea mwezini kutoka Florida katika riwaya ya mwaka 1865. Mwaka 1969 Wamarekani wakaondoka kwenda mwezini kutoka jimbo lilo hilo, na Verne akatawazwa kuwa mwonaji. Hesabu ya namna hii inapendeza lakini inapotosha. Huyaorodhesha yaliyotimia na kuyafumbia macho yaliyokosewa, mathalani kwamba wasafiri wa Verne walitiwa ndani ya kombora la mzinga, na mshindo wa mzinga huo ungewaua wote kabla hawajatoka mdomoni mwake. Zaidi ya hayo, humvika mtunzi sifa bila kumtwisha dhima. Ikiwa ubunifu wa mtunzi ulichangia kukileta chombo duniani, je, haukuchangia pia kuleta madhara yake? Na ikiwa haukuchangia lolote, sifa anazopewa ni za nini?

Swali hili si la kitaaluma tu. Jamii za Waswahili hazikuwa na shaka kuwa neno lina nguvu ya kutenda. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikuwa silaha katika ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, na Muyaka mwenyewe aliyatunga akijua hivyo. Hata hivyo, Muyaka alijua mshale wake unamlenga nani. Mtunzi wa riwaya ya kisayansi hutupa neno lake mbele, katika wakati ambao hajauona, na halijui litaangukia kichwa gani. Ndiyo sababu suala la lawama linahitaji mfano mahususi badala ya kauli za jumla, na hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa H. G. Wells na mwanafizikia Leo Szilard.

Mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuzuka, Wells alichapisha The World Set Free. Maarifa ya kisayansi aliyatoa katika kitabu cha Frederick Soddy kuhusu radiamu, kilichotoka mwaka 1909, na riwaya yenyewe aliitabaruku kwa kitabu hicho. Humo mna mwanasayansi aitwaye Holsten ambaye mwaka 1933 anagundua njia ya kuifungua nguvu iliyomo ndani ya atomu. Nguvu hiyo inaendesha viwanda na magari, inawafukuza watu kazini, kisha katika miaka ya 1950 inaingia vitani. Bomu la Wells, ambalo yeye ndiye aliyeliita bomu la atomu, hutupwa kwa mkono kutoka kwenye ndege. Halilipuki mara moja na kwisha. Huendelea kulipuka siku nyingi, na mahali lilipoangukia hapakaliki tena. Miji mikuu ya Ulaya inateketea. Baada ya maangamizi hayo watawala wanakutana Brissago, kando ya ziwa katika milima ya Alpi, mfalme kijana wa Uingereza anajivua enzi kwa hiari, na dunia inakuwa dola moja yenye amani.

Szilard, Myahudi kutoka Hungaria, aliisoma riwaya hii mjini Berlin mwaka 1932. Mwaka uliofuata aliikimbia Ujerumani ya Hitler akafika London. Mwezi Septemba mwaka huo wa 1933 magazeti yaliripoti hotuba ya Ernest Rutherford, bingwa wa fizikia ya atomu wa zama zile, ambaye alieleza kuwa yeyote anayetarajia kupata nishati kutokana na kubadilisha atomu anapiga porojo. Szilard hakuridhika. Akiwa anatembea mitaani London, karibu na Southampton Row, alifikia wazo kwamba pakipatikana elementi ambayo atomu yake, ikipigwa na nyutroni moja, hutoa mbili, mipasuko ingezaana mmoja baada ya mwingine bila kukoma. Mwaka 1934 aliomba hataza ya wazo hilo, na mwaka 1936 akaikabidhi kwa Idara ya Jeshi la Majini la Uingereza ili ifichwe. Baadaye alieleza sababu bila kuficha: alijua wazo lile lingeleta nini, na alijua kwa sababu alikuwa amemsoma Wells.

Kauli hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko inavyofanywa kwa kawaida. Riwaya haikumpa Szilard fizikia. Fizikia ya Wells, kwa kweli, ni dhaifu; nyutroni yenyewe iligunduliwa mwaka 1932, miaka 18 baada ya riwaya kuchapishwa. Alichopewa Szilard ni ruhusa ya kuwaza. Rutherford alikuwa na maarifa mengi kumshinda, lakini maarifa hayo yalikuwa yamejengewa ua, na ng'ambo ya ua huo palikuwa, machoni pa Rutherford, pahali pa wapiga soga. Msomaji wa Wells alikwisha kufika ng'ambo ile kwa njia ya hadithi. Alikwisha kuiona miji ikiungua. Kwa hivyo wazo lilipomjia halikumjia kama mlinganyo wa hesabu mtupu. Lilimjia likiwa na harufu ya moshi. Hapa ubunifu ulifanya kazi mbili kwa pamoja, na ni kosa kuzitenganisha: ulimwezesha mtu kulifikia jambo, na papo hapo ukampa hofu ya jambo hilo kabla hajalifanya. Ni nadra sana sayansi kupata hofu mapema hivyo.

Iwapo mambo yangeishia hapo, Wells angestahili shukrani. Hayakuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann, mjini Berlin, waligundua kuwa atomu ya urani hupasuka ikipigwa na nyutroni, na Lise Meitner pamoja na Otto Frisch wakafafanua maana yake. Szilard aliwasihi wanafizikia wenzake wasichapishe matokeo yao. Kundi la Frédéric Joliot-Curie huko Ufaransa lilichapisha hata hivyo. Hofu iliyokuwa imemfanya afiche sasa ikamfanya asukume. Ikiwa bomu haliepukiki, basi bora litangulie kuwa mikononi mwa wema. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein aliitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt ambayo Szilard alishiriki kuiandika, na kutokana na barua hiyo na misukumo mingine ukazaliwa mradi wa bomu. Mwezi Julai 1945 Szilard huyo huyo aliandika ombi la kupinga bomu lisitumiwe dhidi ya miji ya Wajapani bila kwanza kupewa masharti ya kusalimu amri. Wanasayansi wapatao 70 walilitia sahihi. Ombi halikumfikia Rais Truman. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti, Nagasaki tarehe 9. Wells aliishi hadi Agosti 1946, kwa hiyo aliyaona.

Je, ana lawama? Jibu la haraka la kumtetea ni kwamba mwonya moto si mchoma nyumba. Jibu la haraka la kumshtaki ni kwamba bila riwaya yake Szilard asingewaza. Yote mawili yana kasoro. Shtaka linasahau kuwa Hahn na Strassmann hawakuongozwa na riwaya yoyote. Urani ingepasuka tu katika maabara fulani, na yamkini kabla ya miaka mingi kupita. Utetezi nao unasahau kwamba onyo si kitu kimoja katika kila umbo. Ipo tofauti kati ya kumwambia mtu kuwa njia hii ina shimo na kumwambia kuwa kila aendaye lazima atumbukie shimoni kabla hajafika peponi. Wells alifanya hili la pili. Katika muundo wa riwaya yake maangamizi si ajali, ni mwalimu. Watu hawaachi ufalme na utaifa mpaka miji iwe majivu. Msomaji anayeimeza hadithi ya jinsi hiyo humeza pia wazo kwamba bomu litakuja, litatumika, na kutokana nalo dunia itapata akili. Katika maneno mengine, lawama haipaswi kutafutwa katika chombo alichokibuni bali katika mpangilio wa matukio aliouzungushia chombo hicho. Wahakiki wa fasihi wana wajibu wa pekee hapa, kwa kuwa mpangilio ndio utaalamu wao. Mwanafizikia hawezi kuwafanyia kazi hiyo.

Na historia haikuufuata mpangilio huo. Baada ya Hiroshima hapakuwa na Brissago. Hakuna mfalme aliyejivua enzi. Palikuwa na maghala, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 maghala ya dunia yalikuwa na takriban vichwa 70,000 vya silaha za nyuklia.

Lipo shtaka jingine, ambalo halitajwi mara nyingi, nalo linahusu kile ambacho ubunifu huu haukukiona. Barua ya mwaka 1939 ilimweleza Roosevelt kwamba chimbuko muhimu kuliko yote la urani ni Kongo ya Wabelgiji. Ndivyo nchi hiyo inavyoingia katika kisa: kama shimo lenye mali. Shimo lenyewe ni Shinkolobwe, katika Katanga, mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1940 kampuni hiyo ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani hadi New York na kuyahifadhi ghalani, na wakati wa vita mgodi ukafunguliwa upya kwa ajili ya mahitaji ya Wamarekani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka humo. Waliochimba na kuchambua mawe yale walikuwa Wakongo, na lugha ya kazi katika migodi ya Katanga, kama Johannes Fabian alivyoonyesha katika utafiti wake wa mwaka 1986, ilikuwa Kiswahili. Basi Kiswahili kilikuwapo mwanzoni mwa zama za nyuklia, isipokuwa hakikuwa mezani palipoandikwa barua. Kilikuwa shimoni.

Katika The World Set Free wahusika wanaoibeba hadithi ni mwanasayansi, mfalme, balozi, kijana msomi aliyefilisika na kuingia jeshini, na mwanafikra mgonjwa anayetazama mambo ya usoni. Mchimbaji hayumo miongoni mwao. Huenda ikadaiwa kuwa hili ni kumwonea mtunzi, kwa sababu madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915, baada ya riwaya kutoka. Dai hilo lingekuwa na uzito kama Uingereza ya mwaka 1914 ingekuwa haijui mali ya kiwanda hutoka wapi. Ilijua. Ripoti ya Roger Casement kuhusu ukatili wa Dola Huru ya Kongo ilitolewa mwaka 1904, na mpira uliochumwa kwa viboko na kwa kuwashika mateka ulikuwa umegeuzwa magurudumu ya baiskeli na motokaa za Ulaya kwa miaka mingi. Wells mwenyewe alikuwa mpenzi wa baiskeli. Mwaka 1896 alichapisha riwaya ya kuchekesha, The Wheels of Chance, ambamo karani wa duka la nguo anaipata ladha ya uhuru kwa siku kumi akiwa juu ya baiskeli yake. Ni riwaya tamu, na hakuna haja ya kuiharibu ladha yake. Ila inafaa kukumbukwa kwamba katika miaka ile ile mtu mwingine alikuwa msituni karibu na Ikweta akiujaza mpira kikapuni, na uhuru wa karani ulikuwa ukipitia mgongoni mwake.

Haiwezekani kusema kuwa Wells hakuwa na uwezo wa kuona. The War of the Worlds, ya mwaka 1898, inawalinganisha wavamizi kutoka sayari ya Mihiri na Waingereza walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania, na ulinganisho huo unawekwa mwanzoni kabisa, kabla msomaji hajapata nafasi ya kujihurumia. Mtu aliyeweza kuandika hivyo hakukosa macho. Kilichomzuia ni kiti alichokikalia alipoandika juu ya maendeleo. Aliyekaa juu ya chombo huiona njia iendako, na aliye chini ya chombo huona uzito wake. Bunilizi nyingi za kisayansi za Ulaya na Marekani ziliandikwa kutoka kiti cha juu, na zilipofika mikononi mwa vijana waliokuja kuwa wahandisi na mawaziri, ziliwarithisha mandhari pamoja na mipaka ya mandhari hiyo.

Isije ikadhaniwa kuwa utanzu wenyewe ndio wenye upofu. Karel Čapek, Mcheki, alichapisha tamthilia ya R.U.R. mwaka 1920, na ndimo lilimotoka neno roboti, alilolipata kwa nduguye Josef. Asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya lazima ambayo mtwana alimfanyia bwana shamba. Roboti wa Čapek si wa chuma. Ni viumbe wa nyama waliotengenezwa kiwandani ili wafanye kazi bila malipo, na mgogoro wa tamthilia unatokana na kazi hiyo. Neno lilipoingia katika lugha nyingine lilipoteza utwana wake likabaki na chuma. Katika Kiswahili pia roboti ni mashine, basi. Endapo mfasiri angetaka kuirejesha maana ya awali, asingelazimika kwenda mbali. Wafanyakazi walioletwa katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kwa mkataba, wakaitwa kwa namba badala ya majina yao, walijulikana kuwa manamba. Manamba wa Mitambo: tamthilia ya Čapek ikipewa jina hilo, msomaji wa Afrika Mashariki angeingia ndani yake bila kubisha hodi.

Maneno yanafaa kutazamwa zaidi, kwa sababu mawazo ya maendeleo husafiri yakiwa yamepanda maneno. Maendeleo hutokana na kuendelea, na kuendelea ni kwenda tu bila kukoma. Hata mgonjwa huulizwa anaendeleaje, na huenda jibu likawa kwamba hali inazidi kuwa mbaya. Neno lenyewe, kwa hivyo, halisemi kinaelekewa wapi. Mahali pa kuelekea panajazwa na mtu mwingine, aghalabu na picha zilizochorwa kwingine. Bunilizi za kisayansi ni mojawapo ya viwanda vikubwa vya picha hizo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza eksirei za nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina Uhuru. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani na jukwaa lilikuwa la Waitalia. Neno lilikuwa la Kiswahili.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wake wa safari za angani, na umbali uliopo kati ya mfano huo na ule wa Wells unafundisha jambo. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, miaka sita baada ya Hiroshima, ni nchi inayoelea hewani. Mwandishi hajishughulishi hata kidogo na mtambo unaoiweka juu. Wajumbe wanatumwa pande sita, zikiwamo mbingu na ardhi, ili walete maarifa yatakayoifaa nchi. Wanarudi nayo kwa taabu kubwa, na kila mmoja anatiwa gerezani. Kwa kawaida hadithi hii husomwa kama fumbo juu ya ukoloni, na usomaji huo ni sahihi. Lakini inafaa isomwe pia kama nadharia ya maendeleo. Kikwazo chake si ukosefu wa maarifa wala wa vyombo. Maarifa yapo, yamekwisha kufikishwa mlangoni. Lisilokuwapo ni sheria itakayoyapokea. Wells alidhani chombo kikali kingelazimisha sheria njema. Shaaban Robert anamweka Karama mahakamani atumie maneno tu, na kesi ndiyo hadithi yote.

Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inaikaribia zaidi njia ya Wells, kwa kuwa Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anatupwa angani ndani ya chombo ambacho kilikusudiwa kuwa kaburi lake. Anajifunza kukiongoza, anafika katika nchi yenye usawa. Chombo cha kisayansi hapa ni chombo cha dola, na anayekipanda ni mfungwa. Si jambo la kushangaza kwamba mtunzi wake alikuwa ameonja kizuizi katika miaka ya 1980. Wapo watakaosema kuwa sehemu ya pili ya riwaya hii, ambapo nchi ya usawa inaelezwa, ina mahubiri mengi kuliko matukio, na hawatakuwa wamekosea. Hata hivyo swali la nani amekaa wapi ndani ya chombo limeulizwa tangu ukurasa ambao chombo kinatokea, na jina la nchi, linapokatwakatwa, hujibu kwamba wale ni sisi.

Szilard hatimaye aliigeukia hadithi yeye mwenyewe. Mwaka 1961 alitoa mkusanyiko wa The Voice of the Dolphins, ambamo wanasayansi wanadai kuwa wamejifunza lugha ya pomboo, na ushauri unaodaiwa kuwa wa wanyama hao unasaidia mataifa kupunguza silaha. Hadithi inadokeza kuwa huenda pomboo hawakusema lolote, na waliosema ni wanasayansi waliojificha nyuma yao. Kwa mtu aliyeshindwa kuifikisha karatasi mezani kwa rais, kejeli hiyo inaeleweka. Ilhali hata humo bado mazungumzo ni ya waliokwisha kukaribishwa barazani.

Shinkolobwe ilifungwa na mashimo yake yakazibwa karibu na wakati wa uhuru wa Kongo mwaka 1960. Baadaye watu waliingia tena kuchimba kwa sururu na mikono, na mwaka 2004 sehemu ya mgodi iliporomoka ikaua baadhi yao. Hawakuwa wakitafuta urani. Walikuwa wakitafuta kobalti, ambayo hutiwa katika betri za simu.